Haki Mnayo, Maji Subirini

Nchi ya Mbwembweni ipo, ila ukiikunjua ramani utakuta imeangukia pale kwenye mkunjo, mahali karatasi ilipochakaa. Kwa hiyo mtu asije akadhani nasema nchi yake. Mimi nasema ya Mbwembweni tu, na kama kuna wengine wanaofanya mambo hayo hayo, basi hao ndio walioiga.

Katika nchi hiyo kuna mji unaitwa Majigambo, mji mkubwa, wenye taa za barabarani zinazowashwa mchana ili wageni wazione vizuri. Juu yake, mlimani, kuna Kilelema, na huko ndiko liliko bwawa. Wagambo wana mji, Wakilelema wana maji. Tangu enzi za mababu, watu hao ni watani.

Na utani wao si wa kuchekeana barazani halafu nyumbani mkanuniana. Mkilelema akishuka mjini anaingia jikoni kwako bila hodi, anafunua sufuria, anamaliza nyama yote, kisha anakulaumu kwamba umekosea chumvi. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Ukifiwa, anakuja kavaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao machoni. Nawe ukipanda kwake una ruhusa hiyo hiyo. Ndivyo Majigambo ilivyopata maji. Mababu wa mjini walipanda wakatega bomba kwenye bwawa bila kumwomba mtu. Wakilelema walipogundua walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakateremka wakabeba majogoo yote ya mji, na kwa muda mrefu Wagambo walikuwa wakichelewa kazini kwa kukosa wa kuwawikia. Mambo yakaishia hapo. Maji yakashuka miaka nenda, miaka rudi.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kwamba ulikuwa unafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi bila kamati, kule Mbwembweni hukitilia mashaka.

Aliyeanza kukitilia mashaka ni Athanasi Likwata, Katibu wa Halmashauri ya Mji. Alikuwa mtu mnyoofu, suti ya rangi ya majivu, kipara safi, na uso wa mtu aliyekaa kikaoni tangu utotoni. Hakuwa mbaya, maskini. Aliupenda mji wake kwa dhati, na ndiyo maana alikuwa akisimama dirishani akitazama watu wanavyochota maji sokoni, akiwaza. Je, Wakilelema wakiamka siku moja wamenuna? Mji mzima, na hospitali yake, na shule zake, unakunywa kwa sababu jirani ni mcheshi. Wazo hilo lilimkosesha raha hata ya chai.

Akalipeleka kwa Mstahiki Meya Ponsiano Kibakaya. Meya huyo alilipenda neno "kudumu" kuliko alivyopenda pilau. Alikuwa na kamati ya kudumu, mpango wa dharura wa kudumu, na uwanja wa kudumu ambao ujenzi wake nao ulikuwa wa kudumu. Aliposikia "haki ya kudumu ya maji" alisimama kuhutubia, ingawa ofisini walikuwa wawili tu.

"Ndugu Katibu," alisema, "mji usio na haki juu ya maji yake ni sawa na... ni sawasawa na..."

Akautafuta mfano darini, akaukosa, akakaa.

"Lete mkataba," akasema.

Akaletwa mshauri mwelekezi kutoka nje, bwana aliyekuja na maji yake ya kunywa kwenye chupa. Alizunguka mji, akapanda mlima, akapiga picha bwawa kwa mbele na kwa nyuma, kisha akatoa uchunguzi wake. Watu wanaotaniana, alisema, hawawezi kufunga mkataba, kwa sababu siku yoyote mmoja wao anaweza kusema alikuwa anatania. Utani hautambuliki kisheria. Basi ili maji yawe ya uhakika, kwanza utani ufe.

Likwata aliona hoja hiyo haina hata pa kuishika. Akaketi akaandika kwa mkono wake Sheria Ndogo ya Kukomesha Mzaha kwa Majirani wa Kimkakati. Sheria ilipiga marufuku mzaha wa maneno, mzaha wa vitendo, na kucheka kwa kukusudia. Madiwani waliipitisha wakiwa wamekunja sura, kuonyesha kwamba wameshaanza kuitii.

*

Siku ya kutia saini, Wagambo walipanda mlima na mahema, mazulia na bendi ya matarumbeta. Mwenyekiti wa Bwawa, Bwana Mdachi Sengo, alikuwa anawangoja kando ya maji. Sengo ni mtu wa kitambi na sauti, na alikuja na gunia tupu begani, maana haijapata kutokea Wagambo wakaandaa chakula na yeye akaondoka bila kubeba.

"Hawa vyura wamekuja na mahema," akawaambia watu wake. "Kwani dimbwi lao limekauka, wanahamia?"

Wakilelema wakaangua kicheko. Wagambo wakatazama viatu vyao. Diwani mmoja mabega yalianza kumtetemeka, jirani yake akamfinya.

Likwata akasogea, akasema kwa upole, "Mwenyekiti, kuanzia leo hatutaniani. Tunaheshimiana."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Sasa sisi ni wadau."

Sengo akalishusha gunia. "Yaani hata hicho kichwa chako nisikiseme?"

"Hata hicho, Mwenyekiti."

Sengo akakitazama kile kipara, kinang'aa juani, akakitazama kwa huzuni kama mtu anayemsindikiza ndugu kituoni. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, unaona kabisa anayameza moja moja. Kisha akachukua kalamu, akasaini, akaondoka bila gunia na bila kula. Bendi ikapiga. Likwata alirudi mjini amefurahi, na nina hakika usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote, kwa sababu ndio ulikuwa wa mwisho kupata usingizi.

Kesho yake, watu wakiwa katikati ya kuoga, maji yakakatika.

Likwata alipanda mlima mbio. Pale penye koki kubwa ya bwawa, mahali ambapo zamani palikuwa na mbuzi wamejilalia tu, palikuwa na geti. Kwenye geti palikuwa na mlinzi, na kwa mlinzi palikuwa na daftari la wageni ambalo hukuweza kulisaini bila kalamu, na kalamu ilikuwa ndani. Baada ya kusumbuka sana akafikishwa kwa Sengo, amekaa kwenye kiti kipya cha kuzunguka, kiti ambacho nailoni yake haikuwa imebanduliwa ili kisipoteze cheo.

"Mwenyekiti, maji hayaji."

"Naam, mdau," Sengo akajibu, wala hakutabasamu. "Mtani huwa anachukua. Mdau anaomba. Soma kifungu cha tano."

Likwata hakuhitaji kukisoma, alikiandika mwenyewe na alikuwa anakipenda. Kilisema maji yatafunguliwa kwa azimio la Kamati ya Pamoja. Kamati ya Pamoja itaitishwa na Katibu wa Kamati ya Pamoja. Na Katibu wa Kamati ya Pamoja atateuliwa na Kamati ya Pamoja itakapokaa.

"Lakini tuna haki," Likwata akasema. "Tuna haki ya miaka tisini na tisa."

"Mnayo, nani kakataa? Haki mnayo, mdau. Maji subirini."

*

Meya hakukata tamaa, maana hakuwa amekiona hicho cha kukatiwa tamaa. Kwake kulikuwa na matangi. Aliamuru mkataba utiwe kwenye fremu ya kioo na kutundikwa sokoni, juu ya bomba lililokauka, wananchi wapate kuiona haki yao kwa macho. Wakapanga foleni. Wengine walikuja na ndoo kwa mazoea. Mama mmoja mtu mzima aliiegesha ndoo yake chini ya fremu kabisa, akakaa kando yake kusubiri, na askari wa mji hakupata moyo wa kumwambia kitu.

Redio ya mji ikatangaza kwamba Majigambo sasa ndiyo mji wenye haki nyingi zaidi ya maji katika ukanda wote, na wananchi waombwa wasiitumie ovyo. Bwana Afya akashauri watu waoge kwa awamu, wiki hii miguu. Kikosi cha zimamoto kikawaomba wenye nyumba waunguliwe kwa zamu. Na watu wa Majigambo, kwa vile wamezoea, wakazoea na hilo.

Asiyezoea ni Likwata. Mkewe, Asteria, alikuwa na mgahawa wa supu karibu na stendi, mgahawa unaojulikana. Aliufunga, kwa sababu supu bila maji ni mfupa. Hilo Likwata angelivumilia. Ila siku moja alipita hospitali ya mji akawaona wajawazito wakiingia wodini na madumu yao vichwani, mmoja kajishika kiuno, mwingine kapumzika kwenye ngazi, dumu limemlalia mapajani. Akasimama pale na suti yake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kuitwa jina baya ili apumue.

Akafanya alichokijua. Aliandika barua kwa Mwenyekiti wa Bwawa: Yah: Ombi la Kurejeshewa Utani. Aliambatanisha nakala tatu za masikitiko. Jibu likaja, lina mhuri: "Ombi lenu la kututania limepokelewa. Linafanyiwa kazi. Tunashukuru kwa kutuheshimu."

Alilisoma mezani kwake nyumbani, akaliweka chini.

"Wamekataa," akasema.

Asteria alikuwa anafuta sahani kwa kitambaa kikavu, maana ndiko kuosha kulikobaki. "Hawajakataa. Umewaomba vibaya."

"Nimeomba kwa adabu zote, Mama Tumsifu."

"Ndiyo hiyo vibaya. Baba Tumsifu, toka lini mtani akaomba? Babu yako aliandika barua? Alipanda akatega bomba. Ukitaka utani, nenda kachukue kitu cha mtu."

"Nikaibe? Mimi, Katibu wa Halmashauri?"

"Akicheka, ni utani. Asipocheka ni wizi, nami nitakuletea uji gerezani, nikipata maji ya kuupikia."

Likwata hakuwa amewahi kuiba hata kalamu ya ofisi, jambo lililowafanya wenzake wamwone mtu wa ajabu. Lakini aliinuka, akavaa suti yake, akafunga tai vizuri. Mkewe alimfuata hadi mlangoni akamnyooshea kola.

*

Kule Kilelema heshima ilikuwa imewaingia kama homa. Kila wiki kulikuwa na Baraza la Heshima. Kiti cha Mwenyekiti kilisukumwa ndani kwanza peke yake, watu wote wakasimama, mlinzi akakipigia saluti, ndipo Sengo mwenyewe akafuata nyuma. Siku hiyo Likwata alikaribishwa mstari wa mbele, mahali pa wadau.

Sengo alihutubia. Alisema neno "mustakabali" mara nyingi, akilitamka kwa uangalifu kama mtu anayekula samaki mwenye miiba. Kitambi kilikuwa kimepungua. Watu walipiga makofi kwa mpigo mmoja, vidole vimenyooka. Pembeni alikaa mkewe, Bi Koletha, anamtazama mumewe kwa jicho la mtu aliyeibiwa.

Hotuba ilipofika ukingoni, Sengo aliinuka kupokea makofi. Likwata naye akainuka. Watu wakadhani ni heshima. Akapanda jukwaani, akakishika kile kiti kwa mgongo, akaanza kukivuta. Magurudumu yakalia kwii, kwii. Mlinzi, kwa vile alifundishwa kwamba kiti kikipita ni saluti, akapiga saluti kikapita. Likwata akafika nacho karibu na mlango.

Makofi yakaisha. Mwenyekiti akakaa.

Kishindo chake kilisikika hadi nje. Miguu ya Mwenyekiti ilibaki juu kidogo, kiatu kimoja kikamvuka, na hakuna aliyecheka.

Likwata alijua bado. Kuchukua peke yake hakutoshi. Ukichukua bila kutukana, huo ni wizi mtupu. Akafungua kinywa.

"Mwenyekiti," akasema, "mbuzi wa mlimani tangu lini wakakaa kwenye viti? Kaa hapo hapo chini. Ndiko kwenye majani."

Mtu mmoja akaangusha fimbo. Mlinzi akatoa pingu, akaenda mpaka alipolala bosi wake, akainama.

"Mheshimiwa, tumkamate kwa wizi au kwa uhaini?"

Sengo alikuwa chali, anatazama dari, uso umemwiva. Likwata, pale mlangoni, alimfikiria mkewe akipanga foleni gerezani na bakuli, na wale wajawazito wakipanda ngazi, na akajisemea moyoni kwamba ameuua mji mara ya pili. Kiti hakukiachia hata hivyo. Sijui ni ujasiri au ni vidole vilikakamaa.

Ndipo kitambi cha Sengo kikaanza. Kilianza kwa chini, taratibu, kikapanda kifuani, kikamfika mabegani, na kilipomtoka mdomoni kilikuwa kicheko cha miezi yote ile kimeongozana. Alicheka akapiga sakafu kwa kiganja. Bi Koletha akacheka akajifunika uso. Ukumbi ukafumuka, watu wakashikana wasianguke, wengine wakaanguka. Mlinzi alicheka mwisho, baada ya kuhakikisha inaruhusiwa.

"Mnyanyueni huyo," Sengo akasema akifuta machozi, ingawa aliyekuwa chini ni yeye. "Njoo hapa, chura wangu. Unajua ni lini nilicheka mara ya mwisho? Mke wangu alinipeleka kupimwa ini. Na hicho kichwa chako nimekuwa nikikiota. Nina maneno yake nimeyaweka tangu siku ile, yameniletea kiungulia."

Akayatoa. Alisema mamba angekiona kile kichwa angedhani yai lake. Alisema ndege huwa wanajitazama humo kabla ya harusi. Alisema mengi mengine ambayo sitayarudia kwa sababu kuna wenye vipara watakaosoma hapa, na Likwata aliyapokea yote amesimama, machozi yanamtoka, hajapata kufurahi hivyo tangu azaliwe.

"Na sasa," akamaliza Sengo, "kiti umechukua, ni chako. Mvueni suti."

Wakamvua. Sengo akaivaa suti, ikambana kila mahali lakini hakuivua tena. Bi Koletha akamfunga Likwata kanga kiunoni na nyingine mabegani, akampa na kuku. Mlinzi akatumwa akafungue koki.

*

Maji yalifika sokoni kabla ya Likwata. Meya naye alifika kabla yake, kavaa joho na kofia ya manyoya, na jukwaa lilikuwa tayari.

"Ndugu wananchi," alikuwa akisema, "haya mnayoyaona ni matunda ya mkataba wa kudumu, na ni matunda ya ofisi yangu."

Akamwona Katibu wake akija katikati ya umati, kanga mbili, kuku kwapani, kiti cha kuzunguka kichwani. Meya akafunika kipaza sauti kwa mkono.

"Likwata, una wazimu? Uko wapi mkataba mpya? Nataka kuusoma."

"Hakuna mkataba, Mstahiki. Tumerudi kuwa watani."

"Kwa muda gani? Wananchi watauliza. Haki hii ni ya muda gani?"

Likwata alikishusha kiti. "Mpaka siku tutakapoanza kuheshimiana tena."

Kabla Meya hajalitafuna hilo, umati ulipasuka katikati. Sengo alikuwa anateremka na watu wake, suti imemkaba, gunia begani. Hakubisha hodi. Alipanda jukwaani, akaivua kofia ya manyoya kwenye kichwa cha Meya, akaitia guniani. Akaanza kufungua vifungo vya joho kwa utulivu wa mama anayemvua mtoto nguo za shule.

"Hiki kitu kinamfaa bibi yangu kwa kuanikia mihogo," akasema. "Wewe umekivaa unakwenda wapi, chura mzee?"

Hakuna aliyemtazama Sengo. Mama mwenye ndoo, wajawazito, madiwani, Bwana Afya, Asteria aliyekuwa amekuja na sufuria yake ya supu kubwa kuliko zote, wote walikuwa wanautazama mdomo wa Mstahiki Meya, na nyuma yao maji yakimiminika. Meya alibaki na shati na suruali yenye mikanda ya mabegani. Shingo ilimvimba. Akamtazama Likwata, na Likwata, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kumwamuru mkubwa wake jambo lolote, akamkazia macho.

Meya alicheka. Alicheka vibaya, kwa kubana, kama mtu anayemeza kidonge kikavu, na kicheko chenyewe kilikatika mara mbili akakiwasha tena. Lakini alicheka, na Asteria akasukuma sufuria yake chini ya bomba.